Kitenzi kimoja katika barua ya rafiki yangu



Leo niko na deni ya kulipa mbele yenu. Iko deni ya neno moja la Kiingereza, na ni miaka kadhaa sasa nalibeba.

Rafiki yangu mmoja, tulisoma naye sekondari, alikuwa anatumika kama lojistike katika ONG moja hapa mashariki. Jina la ONG sitalitaja. Siku moja alitoa mafuta ya gari kwa bon yenye sinyatire moja, kumbe utaratibu mpya ulikuwa unadai sinyatire mbili. Hakuna lita hata moja iliyopotea. Lakini wakaguzi walipita, na kiisha akapokea ile barua ambayo kila mtu aliyetumika katika biro anaijua na anaiogopa: demande d'explication. Masaa 48 ya kujibu. Tena kwa Kiingereza, sababu shefu wake alikuwa mgeni, na Kifaransa chake kilikuwa kinaishia kwenye "bonjour".

Alikuja kwangu jioni na kompyuta yake. Mimi nilikuwa nimemaliza graduat ya Kiingereza, avenue nzima ilikuwa inaniita Ticha. Nikasoma barua. Katikati kulikuwa sentensi hii: "I ignored this procedure, and all my colleagues ignored it too." Nikaongeza koma mahali fulani, nikafuta "s" kwenye "informations", nikamwambia: iko sawa, tuma.

Kile alichotaka kusema ni hiki: utaratibu huu sikuujua, na wenzangu wote pia hawakuujua. Kile shefu alichosoma: utaratibu huu niliupuuza, na wenzangu wote waliupuuza. Yaani, kwa mkono wake mwenyewe, na sinyatire chini, alikubali kosa ambalo hakulifanya, tena akaingiza na wenzake ndani. Alipata barua ya onyo, na kontra yake ilipofika mwisho wa mwaka haikuendelea. Labda ingeisha tu hata bila ile sentensi, mambo ya bajeti tunayajua. Lakini Ticha nilikuwa mimi, na sikuona kitu.

Sababu gani sikuona? Si kwamba sikujua Kiingereza. Nilijua orodha ndefu ya vitenzi visivyofuata kanuni, "go, went, gone", ningeweza kuiimba usingizini. Shida ni kwamba nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho ya Kifaransa. Kwa Kifaransa, "ignorer" ni kutojua. Jicho likaona "ignore", kichwa kikasema namfahamu huyu, kikapita. Neno geni kabisa linakusimamisha, unatafuta kamusi. Neno lenye sura ya jirani yako unalifungulia mlango bila kuuliza.

Na hapa tuko na historia kidogo, sababu watu wanafikiri kufanana huku ni bahati. Mwaka 1066 watu wa Normandie walivuka bahari wakashinda Uingereza, na kwa zaidi ya karne mbili wakubwa wa kule walitumia Kifaransa. Maneno kwa maelfu yakaingia katika Kiingereza. Mengine yalichukuliwa baadaye kutoka Kilatini, mama ya Kifaransa. Kiisha kila upande ukaendelea na maisha yake. Kama ndugu wawili, mmoja alibaki kijijini na mwingine akaenda mjini: sura ni moja, tabia zimeachana. Hata hicho "ignore", zamani Waingereza wenyewe walikitumia kwa kusema kutojua. Maana ya kupuuza ilikuja kuzoeleka katika karne ya 19. Ndiyo maana "ignorant" mpaka leo ni mtu asiyejua, lakini mtu anaye-"ignore" anajua vizuri sana, anafanya tu kama hakuona.

Usifikiri ni mambo ya Wazungu peke yao. Mtu wa Lubumbashi akifika Dar es Salaam akasema "mimi natumika katika benki", Mtanzania anasikia kwamba kuna watu wanamtumia, kama vile ufagio. Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Ukisema "nataka kutosha pesa", kwako ni kutoa pesa. Kwake kutosha ni kuenea, kufikia kiasi, na anabaki kukuangalia. Neno ni moja, barabara ni mbili.

Kiingereza kwa wengi wetu ni lugha ya nne. Mtu anaanza na Kinande ama Mashi ama Kilega nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, kiisha Kiingereza kinakuja mwisho, kinapita kwenye mlango wa Kifaransa. Na tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua za kazi, mitihani ya kuingia, semina za Nairobi na Arusha, nyingi ziko kwa Kiingereza. Kwa hiyo makosa haya hayabaki tena katika daftari ya shule. Yanaingia katika dosie ya mtu.

Acha nichukue yale ambayo nimeyaona mara nyingi katika barua na CV mnazoniletea.

La kwanza, "demand". Kwa Kifaransa "je demande" ni naomba, neno la adabu kabisa. Kwa Kiingereza, "I demand" ni nadai. Ni neno la mgoma kazi, ama la mtu aliyesimama mlangoni na bunduki. Kijana anaandika, "I demand you a job in your honourable institution." Anataka kupiga magoti, lakini msomaji anaona mtu amepiga meza. Kitu cha ajabu ni kwamba Kiswahili chetu kiko wazi kabisa hapo: kuomba si kudai. Hakuna mtoto anayechanganya. Mama akimwambia muuza duka "naomba sukari" na "nadai sukari", hayo ni mambo mawili: ya pili inaonyesha kwamba amekwisha kulipa. Basi "kuomba" ni "ask for", ama "request" katika barua ya heshima, na katika barua ya kazi ni "apply for". "I would like to apply for the position of..." Imeisha.

La pili, "assist". "J'ai assisté à la réunion", nilihudhuria mkutano. Lakini "I assisted" ni nilisaidia. Katika CV moja nilisoma, "I assisted to the distribution of food to displaced people." Nikamwuliza mwenyewe: ulisaidia kugawa? Akasema hapana, nilikuwa pale tu na wanafunzi wenzangu, tuliangalia. Sasa fikiria uko mbele ya jury ya kazi, wanakuuliza ulikuwa unagawa nini, kwa familia ngapi, kwa orodha gani. Unakauka mdomo. Wanafikiri umedanganya katika CV, kumbe ulidanganywa na kitenzi. Kuhudhuria ni "attend". Na hapo hapo mtego mwingine unakungojea, sababu "attend" inafanana na "attendre", kungoja. Nimekwisha kuona "I attended you two hours at the office". Alingoja masaa mawili, lakini sentensi inasema kama alikuwa ananihudumia, sawa vile muuguzi na mgonjwa. Kungoja mtu ni "wait for", na hiyo "for" usiiache nyumbani.

Kuna pia "pass". Sisi tunasema "passer un examen" kwa kufanya mtihani, hata kama utaanguka. Kwa Kiingereza "pass" ni kushinda. Ukiandika "I passed Exetat in 2019", umesema ulipata diplome, asilimia 50 ama zaidi. Kama ulifanya tu, ni "sat" ama "took". Mmoja aliandika kwa fahari, "I passed the test of the bank three times." Kama ulishinda mara tatu, mbona bado unatafuta kazi?

"Control" na "resume" nitavipita mbio. "We controlled 200 families" haisemi mlikagua orodha ya familia 200, inasema mlizitawala. Kukagua ni "check" ama "verify". Na mtu akisimama mwisho wa mkutano akasema "let me resume the meeting", watu watarudi kwenye viti, sababu "resume" ni kuanza tena pale mlipoachia. Kufupisha ni "summarise". "Rest" nayo: "I rested in Goma for two years" ni nilipumzika Goma miaka miwili. Hakuna shefu atakayekuajiri baada ya mapumziko ya namna hiyo. Kubaki ni "stay". "Support" nayo ni kuunga mkono, si kuvumilia. "Achieve" si kumaliza tu, ni kufikia kitu ulichokipigania. Masomo, andika "finish" ama "complete".

Lakini kuna kimoja ambacho sitakipita mbio, na ninaomba ndugu na dada wanaotumika kama wakalimani, ama wanaoandika ripoti za protection, wasimame hapa pamoja na mimi. Ni "pretend".

Kwa Kifaransa "prétendre" ni kusema kwamba jambo fulani ni kweli, hata kama hatujalihakikisha. Kwa Kiingereza "pretend" ni kujifanya. Mtoto anajifanya mgonjwa asiende shule: hiyo ni "pretend". Sasa soma sentensi hii, ambayo niliiona kwa macho yangu katika ripoti ya kijana mzuri, mwenye moyo: "The woman pretends that armed men looted her house." Yule mama alitembea kilometa nyingi na watoto, akakaa mbele ya mkalimani, akasema kila kitu. Na ripoti inaondoka na kusema mama huyu anajifanya kuwa nyumba yake iliibwa. Msomaji aliye mbali, ambaye hamjui mama wala kijana, ataamini nini? Kijana alifikiri anaandika neno la hadhari, neno la mwanasheria. Kumbe amemwita mama mwongo.

Watu wengi wanasahihisha na kuweka "claims". Iko bora, lakini mimi bado siipendi sana, sababu "claims" inaacha harufu ya mashaka. Inasema: ndivyo anavyodai yeye. Kama hauko na sababu ya kumshuku mtu, andika "says". Neno dogo, halina kiburi, na halihukumu. Kwa polisi na mahakama kuna "alleges", ni neno la kazi yao. Wewe mwandishi wa ripoti, "says" inakutosha, na hapa nasema kutosha kwa Kiswahili cha Dar!

Karibu na hiyo kuna "refuse" na "deny". Hapa kosa halitoki kwa Kifaransa, linatoka kwetu. Katika maongezi yetu ya kila siku "alikatala" inabeba vitu viwili. Alikatala kuja. Alikatala kwamba aliiba. Kiingereza kinatenganisha. Kukataa kufanya jambo ni "refuse": "He refused to come." Kusema kwamba jambo si kweli ni "deny": "He denied taking the money." Ukiandika "the driver refused that he took the money", Mwingereza ataelewa kwa shida. Ukiandika "the driver refused the money", umemfanya dereva kuwa mtakatifu, sababu sasa alipewa pesa na akazikataa. Kiswahili cha vitabu kiko na neno tayari: kukana. Petro alimkana Yesu, hakumkataa kuja nyumbani kwake. Kila mtu aliyepita kwenye sundei skuli analijua neno hilo, tumeacha tu kulitumia.

Hapo ndipo nilianza kufikiri kwa namna nyingine. Tulifundishwaka kwamba Kiswahili chetu ni lugha ya soko, na kwamba ukitaka kuelewa lugha ya kisomi upite kwa Kifaransa. Lakini nilipochukua makosa yote niliyokusanya na kuyaweka mezani, niliona kwamba mara nyingi Kifaransa ndicho kilipoteza mtu njia, na Kiswahili kilikuwa na jibu mfukoni.

Angalia "learn" na "teach". Mfaransa anaweza kusema "apprendre" kwa yote mawili: j'apprends l'anglais, j'apprends l'anglais aux enfants. Ndiyo maana unasikia mwalimu mzima anasema "I learn English to children". Kwa Kiswahili hatuwezi kupotea: kujifunza na kufundisha. Ile "ji" inaonyesha kwamba kazi inarudi kwako mwenyewe.

Angalia "remember" na "remind". Kukumbuka na kukumbusha. Ile "sha" ya mwisho inasema kuna mtu anamfanya mwingine akumbuke. Nimepokea barua, "Please remember me to send you the document." Kwa Kiswahili hiyo ni kama kusema "tafadhali unikumbuke kukutumia dokima". Hapana, alitaka "unikumbushe". Basi ni "remind me". Ukiwa na "sha" katika Kiswahili, simama, uliza kama Kiingereza hakiko na kitenzi kingine kabisa.

Vivyo hivyo "borrow" na "lend". Nani ametoa, nani amepokea? Kukopa ni kupokea: "borrow". Kukopesha ni kutoa: "lend". "Can you borrow me ten dollars?" Mara ngapi tumesikia hiyo, hata kwa watu wenye licence! Kwa Kiswahili hakuna anayesema "unaweza kunikopa dola kumi?" Tunasema unikopeshe. Ni kweli kwamba pwani wako na neno kuazima, ambalo linaweza kwenda pande zote mbili, kwa hiyo usilitumie kama taa. Tumia kukopa na kukopesha.

Na "rise" na "raise", ambazo zinatesa watu kila mwaka kwenye mtihani. Toka darasani, enda sokoni. Bei imepanda: hakuna anayetajwa, bei yenyewe ndiyo inakwenda juu. "The price has risen." Muuzaji amepandisha bei: kuna mtu, na kuna kitu anachokipandisha. "The trader has raised the price." Kupanda na kupandisha. Kama dola imepanda asubuhi, muuzaji atapandisha bei mchana, na sisi wote tutalia jioni, kwa vitenzi viwili. Kulala na kulaza vinafuata njia hiyo hiyo: mtoto analala, "lies", mama analaza mtoto, "lays". Hapa lakini nawaonya, sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay", na Waingereza wenyewe wanajikwaa pale kila siku. Ukikosea hiyo moja, usikose usingizi.

"Say" na "tell" ndiyo napenda kuliko yote. Kusema na kuambia. Jaribu kusema "niliambia kwamba mvua itanyesha". Sikio linakataa, linauliza: uliambia nani? Kuambia kunamtaka mtu ndani yake: nilimwambia, aliniambia. Na "tell" katika sentensi ya namna hii ni vile vile: "I told him", "she told me". Kusema hakumdai mtu, na "say" pia haimdai: "I said that it would rain." Ukitaka kumtaja mtu na "say", unaweka "to" katikati. "He said me" haiko, kama vile "alinisema" haiko kitu kile kile na "aliniambia". Alinisema, maana yake alinisengenya!

Na wezi. "They stole me." Kijana alitaka kusema waliniibia. Lakini "steal" inafuatwa na kitu kilichochukuliwa, sawa vile kuiba: waliiba simu, "they stole my phone". Kwa hiyo "they stole me" ni waliniiba mimi, wakanitia ndani ya gunia wakaondoka. Mtu aliyeibiwa anakuja na "rob", sawa vile kuibia: waliniibia, "they robbed me". Ongeza tu kwamba "rob" mara nyingi inabeba nguvu ama vitisho. Kama simu ilichukuliwa mfukoni bila wewe kujua, kaa kwenye "my phone was stolen". Polisi wa nchi nyingine anaposikia "rob", anaanza kuuliza kama kulikuwa na silaha.

Sasa nisije kuwadanganya kwamba Kiswahili ni ufunguo wa kila mlango. Kuna mahali kinakuacha peke yako barabarani. Kitenzi kusikia, kwa mfano. Nasikia muziki, nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya samaki, na huku kwetu tena: nasikia Kifaransa, yaani nakielewa. Kitenzi kimoja, na Kiingereza kinakitawanya: "hear" kwa muziki, "feel" kwa njaa na baridi, "smell" kwa harufu, "understand" kwa lugha. Dada mmoja katika interview aliulizwa kama anajua Kifaransa, akajibu kwa haraka, "I hear French very well." Walimwuliza kama yuko na shida ya masikio kwa lugha zingine. Alicheka, wakacheka, kazi aliipata. Sio kila mtu atakuwa na bahati hiyo.

Ndani ya kusikia kuna tena tofauti ya "hear" na "listen". Hapo tunaweza kujisaidia na kusikiliza: kusikia kunakufikia hata kama hautaki, kusikiliza unaamua mwenyewe. Ni kama kuona na kuangalia, "see" na "look". Na "watch" ni kuangalia kitu kinachotembea, kinachoendelea: mupira, filme, mtoto asianguke.

Kufanya nako, "make" na "do", sijapata taa. Kifaransa kinasema "faire", Kiswahili kinasema kufanya, wote wawili hawasaidii. Wanafunzi wananiomba kanuni, na wengine wanasema "make" ni kutengeneza na "do" ni kutenda. Inasaidia kidogo, kiisha unakutana na "make a mistake" na "do business" na kanuni inaanguka. Ushauri wangu: jifunze kitenzi pamoja na jina lake, kama mtu na mke wake. "Make a decision, make a phone call, make progress." "Do your homework, do research, do a job." Usiwatenganishe.

Na mwisho wa barua ya kazi, pale watu wanapoandika "I expect your positive answer". Wanataka "j'attends", nangojea. Lakini "expect" ni kuona kwamba jambo hakika litakuja, tena mara nyingi ni neno la mkubwa kwa mdogo: shefu anangoja ripoti ijumaa. Ukimwandikia hivyo mtu unayemwomba kazi, umemwambia kwamba jibu zuri ni haki yako. "Hope" ni kutumaini, ni unyenyekevu. "I hope to hear from you", ama "I look forward to hearing from you", na uache ile "positive". Yeye mwenyewe anajua unataka jibu gani.

Tangu ile siku ya bon ya mafuta niko na desturi moja. Mtu akiniletea barua ya Kiingereza, simwachi akae kimya. Namwomba anisomee kila sentensi kwa Kiswahili, polepole, kile alichotaka kusema. Si kwa Kifaransa. Akifika kwenye kitenzi, namwuliza: nani anafanya, nani anafanyiwa, kitu kinatoka wapi kinaenda wapi? Inachukua nusu saa kwa ukurasa. Wengine wanachoka, wanasema, Ticha, weka tu mahali kuna kosa. Lakini kama ningemwuliza rafiki yangu ile jioni, "hii ignored, kwa Kiswahili ulitaka kusema nini?", angejibu "sikujua", na tungeona wote wawili.

Sentensi yake ingepaswa kuwa hivi: "I did not know about this procedure. My colleagues did not know about it either." Maneno kumi na tano, yote ya darasa la kwanza sekondari. Hakuna kitenzi hata kimoja ndani yake kinachofanana na Kifaransa.

Nilimwonyesha baada ya mwaka mzima, nilipopata ujasiri. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama shefu yule bado yuko. Nikamwambia alirudi kwao zamani. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.